Kulala mlimani Januari: jaketi gani ununue Nairobi, kuanzia bora hadi la kuacha

Januari jua la Nairobi hufika nyuzi 26, na anayejiandaa kwenda kulala kwenye banda la mbao upande wa Sirimon wa Mlima Kenya, au milima ya Aberdare, hufungasha kaptula, fulana mbili na hudi moja ya jioni. Usiku wa kwanza hautamwacha alale. Huku kwetu kwenye ikweta, mlimani mchana na usiku hutofautiana kwa joto kuliko Januari na Julai. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Kambi ya Old Moses, juu ya lango la Sirimon, iko kwenye mita 3,300. Usiku ambao Nairobi ni nyuzi 12, kule ni kama mbili. Tena kiangazi anga huwa wazi, hakuna wingu la kuzuia joto lisipotee, na alfajiri unaweza kukuta umande umeganda kwenye nyasi.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye nguo ya juu. Orodha hii ni ya mtu atakayekaa bandani siku mbili tatu, atembee msituni mchana na kuota moto usiku. Anayekwenda Lenana, kilele cha Mlima Kenya, anahitaji zaidi ya haya.

Nafasi ya kwanza: flisi na koti la mvua, vikiwa viwili

Usinunue jaketi moja zito linaloahidi kufanya kila kitu. Flisi, yaani jaketi laini la manyoya mafupi ya polista, hushika hewa katikati ya manyoya yake, na hewa hiyo ndiyo inayokupa joto. Kwa kuwa ni polista, hainywi maji. Ikilowa, ikung'ute uitundike kwenye kiti, itakauka upesi. Udhaifu wake ni upepo, unaopenya kote. Hapo ndipo koti la mvua linapoingia. Hata kiangazi, mawingu hupanda mlimani alasiri na kumwaga manyunyu. Asubuhi unavaa flisi peke yake, ukitoka jasho unaivua, jioni unavaa vyote.

Flisi nunua mitumba, kwenye masoko ya Gikomba au Toi, bila wasiwasi. Iinue kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, imechakaa. Zipu ivute mara kadhaa juu na chini. Flisi nzuri bado hupatikana kwa mia kadhaa za shilingi.

Koti la mvua ni habari nyingine, na hapa nakusihi usiharakishe. Ligeuze ndani nje. Utafute utepe uliobandikwa juu ya mishono. Pasipokuwa na utepe, maji yatapita kwenye matundu ya sindano hata kama kitambaa chenyewe ni kizima. Kisha pitisha kiganja kwenye ule utando wa ndani. Ukibanduka kama maganda, au unanata, koti limekwisha na hakuna fundi wa kulirudisha. Mwombe mwenye kibanda akuruhusu kulimwagia maji kidogo begani, ungoje, uguse ndani. Ukiona makoti matatu yote yameshindwa mtihani huu, nenda dukani ununue jipya. Ni afadhali kuokoa pesa kwenye flisi na kuimaliza hapa.

Nafasi ya pili: sweta la sufu

Wengi wataliweka chini, mimi nalipandisha kwa sababu ya moto. Cheche ikiruka kutoka mekoni na kuangukia polista au nailoni, kitambaa huyeyuka na kuacha tundu, na kikiyeyukia mwilini kinaunguza ngozi. Sufu haiyeyuki. Pia huweza kunywa maji yanayofikia thuluthi ya uzito wake na bado ikakupa joto. Nguo ya kukaa nayo mbele ya moto ni hii.

Shida ni kuipata, kwa sababu sweta nyingi sokoni ni akriliki. Soma lebo ya ndani, utake sufu asilimia 70 kwenda juu. Likikuwasha shingoni, vaa fulana ya mikono mirefu chini yake. Lina uzito na hukawia kukauka, kwa hiyo ukitoka nalo nje, koti la mvua liwe juu.

Nafasi ya tatu: jaketi lililojazwa

Lile lililovimba mistari mistari. Kwa joto hakuna linalolishinda kwa uzito mdogo hivyo, ila huwezi kutembea nalo mchana bila kuloa jasho, na cheche ni adui yake. Yako ya aina mbili. Yaliyojazwa manyoya ya bata hukunjika yakawa madogo sana, lakini yakilowa hushikana mabonge na kuacha kukupa joto. Yaliyojazwa nyuzi za polista ni mazito kidogo, ila huvumilia ukungu. Lifinye: ukihisi vijiti vidogo vinachoma, ni manyoya. Kwa milima yetu chukua la polista. Likunje, likandamize kwa nguvu, uachilie. Lisipovimba tena, liache.

Nafasi ya nne: kabuti

Linafaa ikiwa gari litakufikisha mlangoni. Mgongoni ni mzigo.

La kuacha: hudi ya pamba na jaketi la denim

Pamba hunywa jasho na maji, kisha hukaa nayo. Saa kumi na moja jioni jua likizama nyuma ya miti, hudi iliyolowa mgongoni inakupoza badala ya kukupa joto. Usinunue kwa safari hii, hata ikiwa ya kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza.

Nenda sokoni sasa, kabla ya Juni. Nairobi ikishapata baridi kila mtu anatafuta jaketi, na nafasi ya kupatana bei inapungua. Chenji itakayobaki inunue marvin ya kufunika masikio, soksi nzito za kulalia ambazo hutazitembelea mchana, na tochi ya kichwani. Kofia ya ukingo mpana pia, kwani kadiri unavyopanda ndivyo jua linavyochoma ngozi zaidi.

Na chupa ya maji. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja vimepigwa marufuku ndani ya mbuga na misitu ya hifadhi, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Nunua chupa ya chuma ukiwa bado mjini, na nguo zifunge kwenye mfuko wa turubai ndani ya begi.