Uzoefu wangu: wajukuu wawili na meza ya maji katika ukumbi wa michezo ya watoto jijini Mbeya

Tangu mwezi wa Februari nimewapeleka wajukuu wangu wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6, mara saba kwenye ukumbi mmoja wa michezo ya ndani hapa jijini Mbeya, na kila mara nimekaa nao mwanzo hadi mwisho badala ya kuwaacha na kwenda zangu sokoni. Nilifundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, kwa hiyo msomaji anisamehe nikikaa muda mrefu kwenye kona moja ya ukumbi huo na kuzipita haraka nyingine. Jina la ukumbi sitalitaja, maana nina malalamiko mawili matatu ambayo wenyewe nimeshawaeleza ana kwa ana.

Kilichotupeleka huko ni mvua. Anayeishi Mbeya anajua kwamba kuanzia Novemba hadi Aprili ua wa nyumba huwa tope tupu, na mvua zikikatika tu, baridi ya Juni na Julai inapokea zamu. Miezi yote hiyo watoto hufungiwa ndani, na mtoto aliyefungiwa ndani siku hizi hupewa simu ili atulie. Binti yangu, ambaye ni mama yao, hushinda kazini, nami magoti yangu hayawezi tena kukimbizana nao sebuleni. Aliposikia kwamba kuna mahali pa kuchezea penye paa, na kwamba pana meza za sayansi, alinipa fedha akaniambia, "Baba, nenda ukapaangalie wewe, mimi sayansi yenyewe niliikimbia tangu darasa la tano."

Kiingilio siku za kazi ni shilingi 8,000 kwa mtoto mmoja kwa saa mbili, na mwisho wa wiki ni shilingi 12,000. Mtu mzima anayemsindikiza mtoto halipi. Soksi ni lazima, na ukizisahau utauziwa pale mlangoni jozi moja kwa bei ambayo soko la Mwanjelwa ungepata jozi tatu. Sehemu kubwa ya ukumbi ni ya kurukaruka: kuna bwawa la mipira, trampolini mbili zenye wavu, ngazi za kamba, mtelezo na jumba la kuruka linalojazwa upepo. Mipira huoshwa, nami nimeiona ikioshwa, magodoro ya sakafuni ni mazima, na vyoo vina maji na sabuni. Watoto hutoka jasho, hula vizuri jioni na kulala mapema. Kwa upande huo sina la kuongeza.

Kilichonirudisha mara saba ni kona ya nyuma, ambayo wazazi wengi huipita wakidhani ni stoo. Ukutani imefungwa mianzi iliyopasuliwa katikati, na watoto huiinamisha watakavyo na kuteremsha gololi. Mjukuu wangu mkubwa aliwahi kutumia karibu saa nzima akitafuta mwinamo ambao gololi ingekata kona bila kuruka nje, na alipoupata hakumwambia mtu, aliirudia tu mara kumi na kitu ili ajiridhishe. Ipo pia meza ya sumaku, na hapa ninawasifu kwa dhati, kwa kuwa sumaku zao ni kubwa kama kiganja na zimefunikwa plastiki pande zote. Sumaku ndogo zenye nguvu ni hatari kubwa kwa watoto wa umri huu: mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya tumbo na kuubana utumbo katikati yake hadi ukatoboka. Mzazi anayenunua vifaa vya aina hii kwa ajili ya nyumbani aangalie hilo kabla ya bei, na aangalie vilevile zile betri bapa mfano wa kitufe, ambazo mtoto akizimeza huweza kumuunguza koo kwa muda mfupi sana. Juu ya meza hiyo wametundika picha ya kimondo cha Mbozi, lakini hawakuandika popote kwamba karibu sehemu tisa katika kumi za lile "jiwe" la tani 16 ni chuma, wala kwamba sumaku hunasa juu yake. Picha ipo, sumaku zipo, na hakuna aliyevikutanisha.

Lakini mfalme wa kona ile ni meza ya maji, yaani karai refu la plastiki lililowekwa usawa wa kiuno cha mtoto, na binti anayelisimamia, ambaye wajukuu wangu humwita anti. Siku ya kwanza aliniamkia, akawapa watoto kapu lenye kiazi, jiwe, kizibo cha soda, gunzi na chungwa, kisha akanyamaza. Baada ya muda mjukuu wangu mdogo akauliza, "Anti, chungwa litazama?"

"Wewe unaonaje?"

"Litazama. Ni zito."

"Haya, litie."

Chungwa likaelea. Mtoto akalisukuma chini kwa kidole, likaibuka. Akalisukuma kwa viganja viwili, likaibuka na kumrushia maji usoni. Nilidhani sasa anti atatoa maelezo, nami nilikuwa nimeshayaandaa ya kwangu endapo angekosea. Hakutoa. Alichukua chungwa lile lile, akalimenya, akalirudisha karaini, nalo likazama moja kwa moja hadi chini. Mtoto alilitazama, akatazama maganda mkononi mwa anti, akanigeukia na kusema, "Babu, limevua sweta ndiyo maana limezama!" Anti akamuuliza sweta lile lina nini ndani yake. Wakalikunja ganda, wakaliminya chini ya maji, vikatoka viputo vidogo vidogo kutoka kwenye ile sehemu nyeupe iliyo laini kama sifongo. Neno "uzito kwa ujazo" halikutamkwa, na kwa miaka 4 halikuhitajika. Katika miaka yangu yote ubaoni sikuwahi kuifundisha mada hiyo vizuri kiasi kile, na nasema hivyo bila unyenyekevu wa uongo.

Siku nyingine alileta magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage, akayasaga, akayaweka kwenye chupa yenye siki na kuuvisha mdomo wa chupa puto, nalo likavimba. Kisha, jambo ambalo watu wazima wengi hulisahau, akaandaa chupa ya pili yenye magadi na maji matupu ili watoto waone kwamba puto lake linabaki limelala. Akamimina pia juisi ya rozela kwenye vikombe viwili, akatia magadi kimoja, na ule wekundu ukageuka kijani chafu. Alipoongeza siki, wekundu ukarudi. Mjukuu wangu mkubwa alikataa kunywa rozela kwa wiki nzima.

Ukutani hapo pana bango la sufuria lenye maandishi "Maji huchemka kwa nyuzi 100". Ualimu ukanipanda. Nikamweleza yule binti kwamba hiyo ni habari ya Tanga na Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari. Hapa tulipo, mita 1,700 hivi juu yake, mgandamizo wa hewa ni mdogo na maji huchemka karibu na nyuzi 94, ndiyo maana sufuria ya maharage hukaa motoni Mbeya muda mrefu kuliko pwani. Wiki iliyofuata nilikuta amebandika kipande cha karatasi chini ya bango: "Mbeya: 94". Alikuwa amepima mwenyewe jikoni kwao kwa kipimajoto cha kuazima.

Sasa Jumamosi. Tulikwenda Jumamosi mara moja tu, na sitarudia. Watoto walikuwa wengi hadi kwenye meza ya maji walipanga foleni, anti alikuwa amehamishiwa mlangoni kukata tiketi, na kona ya sayansi alipewa kijana mwenye kipaza sauti aliyefanya jaribio la magadi kwa chupa kubwa na kuliita muujiza. Watoto walipiga makofi, sikatai. Mjukuu wangu mkubwa akanyoosha mkono na kuuliza kama puto lingevimba haraka zaidi iwapo siki ingepashwa moto. Kijana akamjibu kwenye kipaza sauti, "Acha maswali, mganga haulizwi," na ukumbi mzima ukacheka.

Nilikasirika kuliko kosa lenyewe lilivyostahili, na najua sababu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari za Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba mkoani Tanga, aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuuingiza mchanganyiko wake wa aiskrimu ya maziwa ukiwa bado wa moto, na akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, hapo Iringa, aliuliza tena, na wenzake wakamcheka alipomuuliza mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne. Osborne alikwenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu sababu yake, na hata kuhusu kama hutokea kila mara. Swali la siki ya moto na swali la maziwa ya moto ni ndugu wa tumbo moja, na yote mawili yalipokewa kwa kicheko.

Tulilijaribu nyumbani jioni ile, kwa chupa mbili, siki ya baridi na siki ya vuguvugu, mimi nikishika chupa na yeye akihesabu. Puto la siki ya vuguvugu lilivimba haraka zaidi, ingawa mwishoni maputo yote mawili yalikaribia kulingana, na hilo la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi. Jumatatu nilimweleza meneja. Alinisikiliza kwa adabu na akasema mwisho wa wiki ndipo biashara ilipo, jambo ambalo nalielewa. Hata hivyo, anayelipa shilingi 12,000 anapata kidogo kuliko anayelipa 8,000, na hilo nililisema pia.

Lalamiko langu la pili linahusu usalama. Jumba la kuruka husimama kwa sababu feni hulijaza upepo muda wote, kwa kuwa hewa hutoka kwenye mishono bila kukoma. Feni ikizimika, jumba hunywea. Safari yetu ya nne umeme ulikatika wakati watoto sita wakiwa ndani, mjukuu wangu mdogo akiwemo. Paa lilianza kushuka taratibu, kuta zikajikunja kuelekea ndani, na hapakuwa na mhudumu yeyote mlangoni pake. Tuliowatoa watoto ni sisi wazazi, kwa kuwashika mikono na miguu, na jenereta iliwaka baadaye sana. Hakuna aliyeumia. Tangu hapo wameweka mhudumu wa kudumu penye jumba hilo, nami nimehakikisha kwa macho yangu katika safari tatu zilizofuata kwamba haondoki. Feni bado haina betri ya akiba.

Dogo la mwisho ni runinga. Wameitundika kubwa juu ya viti vya wazazi, ikionyesha katuni kutwa, na watoto waliochoka hujikusanya chini yake wakiwa wamelipiwa kucheza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kwa siku, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Skrini tunayo nyumbani, bure. Niliomba izimwe, wakapunguza sauti.

Kwa siku za kazi, basi, fedha yangu naiona imekwenda mahali pake, na sababu kubwa ni yule binti. Akihama, nitafikiri upya. Anayetaka kwenda aende Jumanne au Jumatano asubuhi, aulize kwanza kama anti wa meza ya maji yupo zamu, na abebe soksi. Abebe pia sweta la pili kwa kila mtoto, maana mikono ya sweta hulowa hadi kwenye viwiko, na ukitoka mlangoni unapokewa na upepo unaoshuka kutoka mlima Loleza. Chungwa nalo ni vizuri kubeba la kwako. La pale, ikifika saa tano, huwa limeshamenywa.