Programu za kuhifadhi nywila: ulipie, au iliyo kwenye simu inatosha?

Simu yangu ilinyakuliwa dirishani, matatu ikiwa imekwama kwenye foleni pale Globe. Simu haikuniuma sana. Kilichoniuma ni PIN ya skrini: tarakimu nne, zilezile za M-Pesa, na tangu Westlands nilikuwa nimeibonyeza mbele ya kila abiria. Anayeijua PIN hiyo anafungua pia nywila zilizohifadhiwa humo: eCitizen, iTax, barua pepe. Kwa hivyo nazipanga programu hizi kwa swali moja tu: mwizi akiwa na simu na PIN, anapata nini?

Ya kwanza kwangu ni Bitwarden ya bure. Ina nywila kuu yake, kwa hivyo mwenye PIN ya skrini bado yuko mlangoni, mradi usiifungue programu yenyewe kwa tarakimu hizohizo. Haina kikomo cha nywila wala vifaa. Android, iPhone na laptopu vyote vinaelewana. Lakini ukisahau nywila kuu, hakuna wa kukurudishia. Iandike kwa karatasi, ikae nyumbani, si kwenye pochi.

Ya pili ni ya Google, ambayo mwenye Android anayo tayari. Mama nilimwachia hiyo, maana hana cha kujifunza. Nilichobadilisha ni PIN ya skrini tu: tarakimu nane, mbali kabisa na ya M-Pesa.

Ya Apple ni nzuri, na tangu iOS 18 mwaka 2024 ina programu yake, Passwords. Ila kwenye Android haipo, na nyumba ngapi hapa mjini zina iPhone tupu?

1Password ni ya kulipia, kwa dola. Huna kadi ya benki? GlobalPay ya M-Pesa itakupa kadi ya Visa. Ningeilipia kama ningekuwa na duka lenye wafanyakazi wanaotumia akaunti moja. Kwa mtu mmoja, hapana. Na kulipa si kinga: mwaka 2022 wezi walitoka LastPass, programu nyingine ya nywila, na nakala za makabati ya nywila ya wateja.

Ya mwisho kabisa ni Chrome ya saiba. Ikikuuliza kama ihifadhi nywila, kataa. Juzi niliingia saiba moja tao kuchapisha cheti cha KRA, nikabofya kisanduku cha kuingilia, na majina ya watu watatu yakajipanga, yakinisubiri nichague.