Keria ya baiskeli nyuma ya pikapu: kibano kimepunguza kelele, ila hakikutosha peke yake

Nazungumzia keria ya baiskeli mbili, ile yenye mkono wa chuma wa mraba unaochomekwa kwenye soketi ya kuvutia trela, halafu pini moja inapita ubavuni ili usichomoke. Yangu iko kwenye pikapu inayozunguka Tabora mjini na njia za vumbi za Uyui. Kwenye lami ya kwenda Urambo huisikii. Ukiingia tu kwenye vumbi lenye mikunjo kama bati la nyumba, inagonga ko-ko-ko mpaka abiria anauliza kama difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, inakufa.

Keria yenyewe sina ugomvi nayo. Chuma kizito, weldingi safi, rangi haijabanduka. Shida ni kwamba mkono wake haubani ndani ya soketi, na hilo utalikuta kwenye keria nyingi za aina hii. Soketi ya inchi 2 ina milimita 50.8 kwa ndani. Mkono wa yangu, kwa kipimo cha kalipa, una 49.3. Milimita moja na nusu inaonekana si kitu, lakini piga hesabu: mkono umeingia sentimita 20, baiskeli ya nje iko sentimita 60 kutoka mdomo wa soketi. Mkono ukicheza kutoka mwisho wa chini hadi mwisho wa juu, baiskeli ile inapanda na kushuka karibu sentimita nzima. Kila tuta inagonga mara mbili, kupanda na kutua.

Kabla ya kununua chochote, tafuta kelele inatoka wapi. Toa baiskeli zote. Weka kidole kwenye mdomo wa soketi, nusu juu ya soketi na nusu juu ya mkono, mwenzako aitikise keria kutoka ncha ya nje: kwanza juu na chini, kisha kulia na kushoto. Kidole kitakuambia upesi kuliko sikio. Kama pale hapachezi, hamia kwenye bawaba ya kukunjia, kisha kwenye bolti zinazoshika soketi kwenye chesisi. Hizo za chesisi zikilegea hakuna kibano kitakachokusaidia, na hapo usiendelee na safari.

Sasa kibano. Nilichonunua ni yubolti (bolti iliyokunjwa umbo la U) ya milimita 10 yenye kona za mraba, na bamba la chuma la milimita 6. Yubolti inakumbatia mkono kwa chini, bamba linakaa juu. Ukikaza nati, mkono unavutwa juu hadi unagusa dari ya soketi. Kucheza kwa juu na chini kuliisha palepale, hilo nalipa sifa zote. Ila bamba lake limenyooka, na hapo aliyelitengeneza amekosea. Ukosi wa soketi, ule ukingo mnene wa mdomo wake, umeinuka kuliko mkono, kwa hiyo bamba lililonyooka linalala kimshazari, nati zinakaa upande, na kwenye vumbi zinajifungua. Bamba sahihi limekunjwa ncha moja: upande mmoja unakanyaga ukosi, ncha iliyokunjwa inakanyaga mkono, yubolti iko katikati. Fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia la flatibaa (chuma bapa) ya milimita 8 akalikunja kwa kipimo cha gari lako. Kaza kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, kwa spana namba 17 au 16 kutegemea nati. Tumia springi washa, au nati yenye plastiki ndani. Ukiona bamba linaanza kubonyea katikati, umeshapitiliza.

Kibano hakigusi sana mchezo wa kulia na kushoto. Hapa wengi tunakosea kwa namna ileile: tunatoa pini, tunapitisha bolti ndefu, tunakaza nati upande wa pili kwa nguvu zote. Bolti hiyo inazivuta kuta mbili za soketi, na kuta ni nene, hazisogei hadi kuushika mkono. Mkono unabaki unaelea katikati. Nati inatakiwa iwe ndani ya mkono wenyewe. Kama mkono una uwazi ndani, chukua flatibaa nyembamba yenye urefu unaofika kwenye tundu la pini, chomelea nati ya milimita 16 kwenye ncha yake, isukume kwa ndani hadi nati ikae nyuma ya tundu. Pitisha bolti kutoka nje, pamoja na washa, ukaze kwa spana namba 24. Sasa mkono wote unavutwa ukalale kwenye ukuta mmoja wa soketi. Nunua bolti ngumu, yenye namba 8.8 kichwani, na sehemu isiyo na meno iwe ndefu kiasi cha kupita ukuta wa soketi, maana meno yakikaa kwenye tundu yanalila. Bolti ikipita hadi upande wa pili, weka nati nyingine ya kufunga.

Vyote viwili, kibano na bolti hiyo, ndivyo vilivyonyamazisha yangu. Kimoja peke yake ni nusu ya kazi. Na kibano kamwe si mbadala wa pini.

Njia za mkato nazo nina maoni nazo. Mpira wa tyubu kuzungushia mkono unaingia kwa shida, unatulia siku moja, kisha kona za chuma zinaukata vipande. Kabari ya mninga inavumilia zaidi, ila kona zake husagika na siku moja inadondoka njiani bila kukuaga. Kipande cha bati la milimita 1 kinafaa, ilimradi ncha ya nje uikunje ishike mdomo wa soketi, la sivyo kitaingia ndani na hutakiona tena. Usichomelee mkono kwenye soketi, na usitoboe tundu jipya karibu na mdomo. Pale ndipo chuma kinapobeba mzigo wote.

Kelele nyingine ni za baiskeli zenyewe: pedali inagonga fremu ya jirani, usukani unageuka, gurudumu la mbele linazunguka. Baiskeli mbili za Phoenix ni mzigo, na zikipishana zinasagana rangi. Mpira wa tyubu uliochanwa hapa ndipo mahali pake: funga gurudumu la mbele kwenye bomba la fremu, funga baiskeli kwa baiskeli, geuza pedali ziangalie pande tofauti. Ukishika keria ikapepea kidogo bila mlio, huo ni unyumbufu wa chuma, uache.

Rudia kukaza baada ya kilomita 10 za kwanza, kisha kila unapopakia. Msimu wa mvua chomoa mkono kila mwezi, piga brashi ya waya, paka grisi nyembamba sana. Grisi nene ikichanganyika na vumbi letu inageuka msasa, na ile milimita moja na nusu inakuwa mbili.