Mashine ya presha ya nyumbani: nyota nne, mkanda umeniudhi
Niliinunua baada ya mama kupata kiharusi. Ubongo hupokea takriban asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo, kwa hiyo presha ikikaa juu miaka na miaka, vijishipa vyake vyembamba hukakamaa, huziba, au hupasuka.

Ninachokipenda zaidi ni kialama cha moyo kinachowaka mapigo yakienda ovyo. Si pambo hilo! Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama na kuganda humo, na bonge likichomoka laweza kupanda hadi kichwani. Mashine haitoi jibu, ila ilitosha kumrudisha mama kwa daktari akapimwe umeme wa moyo.

Mkanda sasa. Uliokuja nayo ni mdogo. Kwenye mkono wangu mnene unabana na kusoma juu kuliko hali halisi. Agizeni mkubwa. Kijitabu nacho hakisemi ukae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Wala hakisemi kwamba nyumbani wastani wa 135/85 tayari ni presha ya juu, hata kama kliniki huanzia 140/90.

Betri inadumu. Kumbukumbu inatenganisha vipimo vyangu na vya mama.