Neno "mfereji" lilinipandishia kodi

Kama wewe ni mgeni Dar es Salaam na unatafuta nyumba ya kupanga, usimpe dalali hata senti kabla hajakufungulia maji ukayaona yanatoka. Usikubali kuambiwa "maji yapo". Usikubali "mota imezimwa tu, fundi anakuja kesho". Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa Majengo, nimekua nikinunua maji ya mitungi kwa watu wa mikokoteni. Kwetu mji mzima unangojea maji ya Mzima Springs na Baricho, na siku yasipokuja hata kunawa uso kunapigiwa hesabu. Kwa hiyo nikiingia nyumba sitazami vigae wala dari la jipsamu. Natazama maji.

Kazi ndiyo iliyonileta huku, ofisi iko Mikocheni. Nilifikia gesti moja Sinza nikidhani wiki moja itanitosha kupata chumba na sebule, choo cha ndani, jiko, na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, yangu peke yangu. Wiki ikawa wiki tatu, na gesti inakula mshahara ambao hata sijaupata. Kazini kila niliyemuuliza alinipa jibu lile lile: tafuta dalali. Sikuelewa. Kwetu unatembea mtaani, unaona kibao getini, unapiga simu, unalipa kodi ya mwezi na amana ya mwezi, umeingia. Huku vibao ni vichache mno. Nyumba ziko mdomoni mwa madalali, na ukimpita dalali ukabisha hodi mwenyewe, bado atatokea mtu kudai mtaa ni wake.

Basi nikapewa namba. Tukakutana kituo cha Mori, mwezi wa Ramadhani, jua la alasiri linachoma na mimi nimefunga. Kabla hatujapiga hatua akataka 20,000 ya kuoneshwa nyumba. "Hairudi hiyo, dada." Nikatoa. Akataka na picha ya pasi yangu ya kusafiria, eti mwenye nyumba ataihitaji kwenye mkataba. Nikatuma. Hilo hadi leo linaniuma kuliko hela.

Nyumba ya kwanza ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa plaiwudi kikaitwa viwili. Ya pili tulimkuta mama anakaanga samaki uani. Dalali akanong'ona, "Huyu anahama kesho." Yule mama akasikia. "Nani anahama?" Dalali akacheka, akasema tumekosea geti. Mtu mzima unaingizwa kwenye nyumba ya mwenzio na kukagua vyumba vyake, halafu mnatoka bila hata samahani. Niliona haya, nikarudi mwenyewe kumwomba radhi.

Ya tatu ilikuwa Kijitonyama, ndani kidogo ukitokea kituo cha Sayansi. Nyumba nzuri, siwezi kuisingizia. Madirisha makubwa, feni mpya, rangi bado inanukia. 450,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa udalali. Nikapiga hesabu moyoni: 3,150,000 kabla sijanunua hata ufagio. Lakini niliipenda, na nilikuwa nimechoka. Nikaingia jikoni nikamwambia, "Kaka, fungua mfereji nione."

Akatoka nje. Nikamwona anainama kando ya ukuta, anatazama mtaro wa maji machafu. "Mfereji mzima huu, haujaziba." Nikamwita ndani nikamwonesha kwa kidole: huu hapa, wa kwenye sinki. Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Aah, bomba! Kumbe wewe Mkenya?"

Tangu tukutane Mori tulikuwa tunazungumza vizuri, kadiri ya saa mbili. Kiswahili changu ni cha mamangu na bibi yangu, hakuna aliyenifundisha darasani, na hakikumpa shaka yoyote hadi neno hilo moja. Akaenda uani na simu. Nilimsikia kila kitu, dirisha lilikuwa wazi: "Bosi, mteja ni Mkenya, wa ofisini." Aliporudi bei ilikuwa dola 300, na ilipwe mwaka mzima. Ati kwa wageni ndivyo ilivyo.

Dola! Kanuni zilizotoka mwaka 2025 zimekataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Nikamwambia hivyo, kwa upole. Halafu nikamwambia hata hiyo bei tuiache kwanza, bomba bado hajalifungua. Hapo ndipo alipobadilika. "Dada, umekuja kupanga au umekuja kufanya ukaguzi? Nyinyi Wakenya wasumbufu sana. Mna hela lakini mbahili." Nikanyoosha mkono nikalifungua mwenyewe. Likakoroma. Likatoa upepo, kisha tone moja la kutu, basi.

Hakusema neno. Alifunga mlango, akapanda bodaboda yake, akaniacha kwenye kichochoro nisichokijua, magharibi imeingia na adhana inalia. Nilimpigia, akakata. Nikapiga tena, simu haipatikani.

Nimesimama pale mkono mtupu, sina hata tende. Sitasahau. Kulikuwa na mama anauza uji na chapati pembeni ya ukuta, akaniona. "Mwanangu, umefunga?" Nikasema ndiyo, shikamoo mama. Akanipa kikombe cha maji na tende tatu, akanivutia kigoda. Nilipomwambia nimetoka nyumba gani, akatikisa kichwa: ile haina maji, wapangaji wanaingia na kutoka, na aliyehama mwisho alikuwa anamwaga hela kwenye maboza. Mtaa mzima unajua. Kwa hiyo yule kaka naye alijua! Alijua wakati anapokea 20,000 yangu, na alijua wakati anasifia feni.

Nilirudi gesti nimeapa sitazungumza na dalali tena maishani. Na ningekuwa naandika usiku ule, ningeishia hapo na kuwaambia nyote msiwaguse hata mmoja.

Lakini yule mama ana mtoto wa dada yake, na mtoto huyo ni dalali. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu kijana akanipigia mwenyewe, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa hili: "Dada, nina nyumba upande wa Mwenge, ila nakwambia mapema, maji ya kisima pale yana chumvi. Ya DAWASA yanakuja kwa siku zake, lakini kuna simtanki mbili." Mtu anakutajia aibu ya nyumba kabla hujaiona. Hakuniomba hela ya kuoneshwa. Tulipofika, alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua bomba, akasogea pembeni. Maji yakatoka. Nilisimama nikayatazama muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kodi 350,000. Mama mwenye nyumba alitaka miezi sita, nikamweleza hali yangu, mgeni, mshahara wa kwanza bado, akakubali mitatu. Mkataba tuliusaini ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akaugonga muhuri. Mfanyakazi mwenzangu alinishauri niachane na kupanga nikanunue kiwanja Kigamboni. Hajui kwamba asiye raia Tanzania hapewi ardhi ila ya uwekezaji, ndivyo Sheria ya Ardhi ya 1999 isemavyo.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Nilinunua umeme wa 10,000 mara ya kwanza, zaidi ya nusu ikakatwa. Kodi ya jengo huku inalipwa kupitia LUKU, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na miezi ambayo mita haikununuliwa umeme deni linajikusanya likimngojea atakayenunua kwanza. Nyumba ilikuwa imekaa tupu, deni likanipata mimi. Nilimpigia mama mwenye nyumba nikijiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Hiyo ni yangu, mwanangu, utakata kwenye kodi." Na kweli tulikata.

Kwa hiyo nawaambia nini kuhusu madalali? Nilitaka kusema ni wezi, na yule wa Mori simtoi hapo. Lakini bila kijana wa Mwenge huenda ningekuwa bado gesti. Alistahili malipo yake na nilimlipa kwa mkono wangu, na nimempelekea wenzangu wawili kutoka nyumbani. Tena nikikaa nikifikiri, hata yeye: mwezi mzima wa kodi kwa kazi ya asubuhi moja? 350,000? Nani aliyepanga hivyo, na kwa nini alipe mpangaji badala ya mwenye nyumba ambaye ndiye anayetafutiwa mteja? Nikilifikiria hilo hasira zinarudi upya, na zinamfikia hata mtu aliyenitendea wema. Na picha ya pasi yangu bado imo kwenye simu ya yule wa kwanza. Nimemwandikia aifute, ujumbe ameusoma, kimya.

Juzi juzi nimemwona. Nilikuwa nashuka daladala pale pale Mori, yeye amesimama kivulini na msichana mwenye sanduku la magurudumu, msichana anafungua pochi. Moyo ulinienda mbio. Nilivuka barabara. Sikumsalimia dalali hata kidogo, nilimgeukia yule dada. Nikamwambia, "Dada, kabla hujatoa hiyo hela, mwambie akupeleke ukafungue bomba kwanza."

Akafunga pochi. "Bomba gani?" akamuuliza yule kaka.