Mwaka mmoja na Mixxx: nimeacha kubahatisha wimbo unaofuata

Kwa miaka sita nilikuwa na daftari. Kila nilipokuta nyimbo mbili zinazopokezana bila kuumiza sikio, niliziandika pamoja. Napiga muziki kwenye harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, na kufikia mwaka jana nilikuwa na jozi karibu 300. Tabu ilikuja pale mgeni alipoomba wimbo ambao haumo daftarini.

Rafiki fundi ndiye aliyeniwekea Mixxx. Ni programu ya DJ ya kuchanganya nyimbo, ya bure na ya chanzo huria, inayokubali Windows, macOS na Linux. Laptop yangu ya zamani ilikesha ikichambua nyimbo 4,000, na asubuhi kila wimbo ulikuwa umeandikiwa mapigo yake kwa dakika na ufunguo wake, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, ile ambayo wanakwaya wanaiita kii.

Kii niliziweka zionekane kwa namba, 1 hadi 12 kama saa ya ukutani, na herufi kwa aina mbili za kii: A ikiwa maina na B ikiwa meja. Wimbo wa 8A, yaani kii ya noti A ya maina, unaelewana na 7A, 9A na 8B. Nilipojua sababu nilifurahi sana: 8A na 8B zina noti zilezile saba, na ukisogea namba moja inabadilika noti moja tu. Jioni ile nilichukua daftari nikalinganisha. Jozi nyingi nilizozipata kwa sikio zilikuwa namba moja au majirani! Zile zilizopishana, nyingi zilikuwa na wimbo unaoanza kwa ngoma tupu, na ngoma tupu haigombani na kii ya mtu.

Kazini natumia zaidi kisanduku cha kutafutia. Naandika ~key:am bpm:98-106 na zinabaki nyimbo zinazokubaliana na A maina zenye kasi hiyo tu. Kwenye harusi moja Mbagala, shangazi wa bibi harusi alinijia mezani: “Mwanangu, tuwekee taarabu, sisi wakubwa tumekaa tu.” Nikamwambia, “Shikamoo shangazi, nakuja.” Bongo fleva iliyokuwa hewani ilibakiza dakika moja na nusu. Nilitafuta ndani ya taarabu peke yake, nikapata inayolingana, na ilipoingia walikuwa wameshasimama.

Jambo moja lilinigharimu kabla sijalielewa. Ukiongeza kasi kwa asilimia 6 bila kufunga kii, yaani kuizuia isibadilike pamoja na kasi, wimbo unapanda karibu nusu toni, na 8A yako sasa ni 3A. Namba ulizotegemea hazifai tena. Washa kitufe cha kufunga kii mapema, kabla hujagusa kasi.

Muziki wetu unahitaji mkono wa mtu. Singeli inayopita mapigo 200 ni rahisi kwa programu yoyote kuisoma nusu, ikakaa pamoja na bongo fleva ya taratibu. Nabofya kulia, nazidisha mapigo mara mbili, kisha nayafunga ili uchambuzi mwingine usiyaguse. Zilipendwa za dansi ndizo kazi hasa. Bendi zilirekodi zikipiga kwa pamoja, na gitaa zikishika moto kasi inapanda, kwa hiyo kwa nyimbo hizo naondoa alama kwenye chaguo linalodhani kasi ni ileile mwanzo hadi mwisho. Zile zilizotoka kwenye kaseti zina lao: mkanda ulizunguka haraka au polepole kidogo, na wimbo umekaa katikati ya kii mbili. Hapo siamini namba. Naandika neno “sikio” kwenye maoni ya wimbo, na nikitafuta comment:sikio zinakuja zote, nazisikiliza kwa hedifoni kabla ya kuziachia.

Kwa DJ anayeanza na hana hela ya programu za kulipia, hii ningemwekea mwenyewe kwenye laptop yake. Aanze na folda moja ya nyimbo mia anazozijua vizuri, ili namba ikikosea aigundue.

Daftari bado ninalo. Kila jozi naiingiza ndani ya kreti yake kwenye Mixxx, yaani kikapu cha kukusanyia nyimbo, usiku nikirudi kazini, na sasa nimefika jozi ya 140.