Unataka swei ba ya SUV kubwa? Anza na ya nyuma

Mwenye SUV kubwa anaijua hii, unaingia kona na mwendo kidogo tu bodi inalala mpaka abiria anashika mlango, ukirudisha usukani inalalia upande wa pili kama jahazi. Hapo ndo watu wanaanza kutafuta swei ba, wengine wanaita stabilaiza, kile chuma kilichopinda kinachounganisha tairi la kulia na la kushoto.

Ila kabla hujatoa hela ingia chini ya gari kwanza, shika linki, vile vijiti vinavyounganisha ncha za ba na upande wa tairi, utikise, angalia na bushi, zile pete zinazoishikilia ba. Mimi nilishawahi kuagiza ba mpya kumbe ya zamani haikuwa na kosa lolote, linki moja imekufa na bushi zimelegea, yaani ba inacheza kwanza ndo ianze kazi. Linki na bushi ni hela ndogo, hizo kwangu ni namba sifuri. Na kama tatizo lako ni pua kuzama ukikanyaga breki, hiyo sio kazi ya ba, angalia shokapu na springi.

Haya, vyote viko fiti na bado gari linalala? Namba moja kwangu ni ba ya nyuma peke yake, ile yenye matundu mawili au matatu ya kufungia linki kila upande. SUV nyingi kiwandani wanazitega ili ukizidisha mwendo kwenye kona tairi za mbele ndo zitangulie kuteleza, maana dereva wa kawaida akiachia mafuta gari linarudi. Ukikaza nyuma, kulala kunapungua na pua inaanza kufuata usukani. Tundu la mwisho kabisa linakupa mkono mrefu, ba inakuwa laini, la ndani mkono mfupi, ba ngumu. Anza na laini, tafadhali, maana nyuma ikizidi kuwa ngumu siku ya mvua mkia ndo utachomoka na hapo hakuna mchezo.

Namba mbili ni seti nzima, mbele na nyuma. Hii inamfaa anayebeba mzigo juu ya keria au anayevuta trela kila mara. Chukua seti ya mtengenezaji mmoja, kina Hellwig au Whiteline, usichanganye ya huyu na ya yule.

Namba tatu ni ba ya bomba, yenye uwazi ndani. Ya milimita 32 yenye ukuta wa milimita 5 ina uzito kama nusu tu ya ile iliyojaa, lakini ugumu unabaki kama asilimia 78. Nzuri, ila kwa gari la tani mbili na nusu hizo kilo chache utazisikia kweli?

Ya mwisho ni mbele peke yake. Hapana, kwenye SUV nyingi pua itazidi kugoma kona.

Sasa unene, hapa ndo wengi wanapigwa. Ugumu unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo kutoka milimita 30 kwenda 33, ambayo kwa macho hata huoni tofauti, ba imekuwa ngumu kwa asilimia 46 hivi. Ukichukua nene kuliko zote, tairi moja likiingia shimoni la pili linapata habari na kichwa chako pia, alafu njia mbovu tairi linaning'inia hewani. Anayeingia porini sana atafute linki za kuchomoa, Jeep Wrangler Rubicon yenyewe inaachia ya mbele kwa kubonyeza swichi. Na kama una Land Cruiser 200 au Prado 150 yenye KDSS, mfumo wa Toyota wa swei ba, achana na ba za kawaida, ile inaendeshwa na hadroliki.

Bushi za poliyurethani zinakaza kuliko mpira lakini bila grisi yake zinalia kama kitanda kibovu. Gari lililoinuliwa litahitaji linki ndefu. Wakati wa kufunga, fundi akaze linki gari likiwa limekanyaga chini, sio tairi zinaning'inia kwenye jeki, alafu baada ya kilomita 100 hivi rudi chini ukaze bolti tena.